Fundi wa Manete wa Mugunga

Manete, yaani kidhibiti cha gemu, ikianza kuharibika, mchezaji huwa wa kwanza kujua. Mshambuliaji anateleza kushoto na hakuna aliyemsogeza. Kamera inageuka polepole mpaka inatazama ukuta. Kwenye orodha ya timu, alama inashuka yenyewe, ikiipita timu unayoitaka. Vijana wa Mugunga wakiona hivyo huichomoa manete, huitia kwenye mfuko wa plastiki na kuipeleka kwa fundi mmoja aliye kando ya barabara ya Sake, katika kibanda cha mbao kilichojengwa juu ya mawe meusi ya volkano.

Jina la Mugunga limezoeleka katika habari za kambi: wakimbizi wa 1994, watu waliokimbia vita mwaka 2008 na 2012, mabomu yaliyoangukia waliohamishwa tarehe 3 Mei 2024. Watu wa hapa wanayakumbuka hayo yote bila kukumbushwa. Wana pia jioni zao za kawaida, na katika jioni hizo mna vyumba vya gemu: televisheni mbili tatu, mabenchi, PlayStation zilizokwisha kutumiwa na wengine kabla hazijafika Goma, na foleni ya watoto wanaolipa kwa mechi. Manete ya chumba cha gemu haipumziki. Mmoja akifungwa, mwingine anaidaka ikiwa bado na joto la kiganja.

Siku niliyokwenda kumtazama fundi, kijana wa miaka kama kumi na mitano aliweka mfuko wake mezani.

"Yaya, inaendaka yenyewe ku kushoto."

"Munachezaka gemu gani?"

"Ya mupira. Na Mortal, mangaribi."

Fundi huanza na swali hilo kwa kila mteja, na jibu humwonyesha wapi pa kutazama. Aligeuza manete kichwa chini. Ilikuwa ya PlayStation 4, toleo lililotoka pamoja na mashine yake mwaka 2013, na kwa nyuma ina skurubu nne. Bisibisi yake ni ndogo mno, ya msalaba, na ncha yake ameinoa upya kwa jiwe. Alikandamiza kwanza, ndipo akazungusha. Skurubu hizi zina vichwa laini, na anayezungusha bila kukandamiza huzila kichwa, kisha kazi ya dakika moja inakuwa ya nusu saa. Zote nne alizipanga juu ya kipande cha sumaku kwa mpangilio uleule zilivyokaa.

Kufungua ganda kunahitaji utulivu. Alibana mshikio kwa kiganja, akapenyeza ukucha pembeni mpaka vishikizo vya ndani vikaachia kimoja kimoja, lakini hakulivuta. Kati ya ganda la nyuma na ubao wa saketi upo utepe mwembamba unaopeleka umeme wa kuchajia, na mwenye haraka huukata hapo kabla hata hajaona tatizo. Aliuchomoa kwa kibano. Betri ikafuata, kisha kitako cha betri, kisha utepe wa kibao cha kugusa, kisha skurubu moja inayoshikilia ubao. Mota mbili za kutetemesha zilibaki zikining'inia kwenye nyaya zao, naye akaziegemeza kwenye kopo ili uzito wake usivute mahali zilipolehemiwa.

Baada ya hapo aliinua vipira vya vitufe na kuviinamisha kwenye mwanga.

Kila kipira kina duara jeusi la kaboni linalogusa karatasi ya saketi kitufe kinapobonyezwa. Duara jipya ni zito na halina mng'ao. Lililotumika sana linang'aa katikati, na likichakaa kabisa hupauka kuwa kijivu. Kwa kulitazama tu, fundi huyu husema ni gemu gani imetawala chumba. Katika FIFA, na sasa EA Sports FC, shuti hupigwa kwa kitufe cha duara, na mbio ziko R2. Katika PES, gemu ya mpira ya Konami, shuti liko kwenye mraba, na mbio ziko R1. Kwa hiyo manete ya nyumba ya PES hung'aa upande mmoja, na ya nyumba ya FIFA upande mwingine. Ile ya kijana ilikuwa imepauka kwenye duara na kwenye X ya pasi. Kipira cha R2 kilikuwa kimeanza kuchanika.

"Unaona? Hawaachilie," aliniambia. "Toka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho, kidole kiko pale."

Nimesoma tathmini nyingi za gemu, zenye nyota na alama juu ya kumi, na sikumbuki iliyonieleza jambo kwa uwazi kama kile kipira. Gemu za mpira za miaka ya karibuni zimemlipa mchezaji anayekimbia mno. Beki mwenye kasi anafidia kosa la kukaa vibaya, na winga mwenye kasi hana haja ya kufikiri. EA FC 26, iliyotoka Septemba 2025, imekiri jambo hilo kwa namna yake, maana imegawa uchezaji mara mbili: mmoja wa kasi kwa wanaoshindana mtandaoni, mwingine wa taratibu unaokaribia mpira wa uwanjani. Fundi anaupenda wa pili. Anasema ukiuchezea, kidole hupanda na kushuka, na kipira hudumu. PES nayo ameiheshimu siku zote kwa sababu inadai pasi, na anasikitika kwamba Konami waliiacha mwaka 2021 wakaleta eFootball, gemu ya bure iliyojengwa juu ya intaneti, kitu ambacho chumba cha gemu cha Mugunga hakiwezi kukitegemea. Ndiyo maana diski za PES za zamani bado zinazunguka hapa, na ninaona wanaozishikilia wana haki.

Gemu za kupigana zina alama zao. Tekken imempa kila kiungo kitufe chake, mikono miwili na miguu miwili, hivyo vipira vinne huchakaa karibu sawasawa. Fundi akiona usawa huo husema mwenye manete anaijua gemu yake. Mortal Kombat huweka kinga kwenye R2, na kwa mchezaji mwoga kitufe hicho hufa kabla ya vingine vyote. Kwenye mpira, wachezaji wazee, waliojifunza kwa Winning Eleven kwenye PlayStation 2, bado humwendesha mchezaji kwa vishale vya mwelekeo. Manete zao huja na jostiki nzima kabisa na vishale vilivyolika.

Ila ugonjwa wa kijana ulikuwa kwenye jostiki ya kushoto. Ndani yake mna potensiomita mbili, moja ya kulia na kushoto, moja ya juu na chini. Kila moja ni utepe wa kaboni wenye ukinzani wa omu 10,000, na kiguu cha chuma kinachotembea juu yake. Ukiiacha jostiki, kiguu hurudi katikati, na mashine husoma namba kati ya 0 na 255. Katikati ni 127 au 128. Fundi aliunganisha ubao na kompyuta yake kuukuu, akaonyesha kioo kwa kibano: 109, 113, 108, 111. Namba haikutulia. Kaboni ilikuwa imelika, na unga wake, pamoja na vumbi jeusi la volkano ambalo Goma halimwachi mtu, ulikuwa umelala njiani.

Wapo wanaopuliza spiriti humo na kumrudishia mteja. Inapona kwa wiki. Yeye alikwisha kuamua kubadili kipande chote.

Kipande hicho kimelehemiwa kwa miguu 14: sita ya potensiomita, minne ya kitufe cha chini, minne ya fremu. Hapa ndipo niliposogeza kiti changu karibu. Risasi ya kulehemia ya kiwandani haina risasi halisi ndani yake. Ni bati lenye fedha na shaba kidogo, na huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Risasi anayotumia fundi, ya bati na risasi, huyeyuka kwenye 183. Hivyo jambo lake la kwanza lilikuwa kuongeza. Alipitia kila mguu, akagusa kwa ncha ya moto, akalisha tone la risasi yake mpaka zote mbili zikachanganyika. Ndipo akarudi mguu wa kwanza na pampu ya kunyonyea. Gusa, subiri, ng'aa, nyonya. Gusa, subiri.

Kusubiri huko hakulingani kwa kila mguu. Miguu ya ishara huyeyuka mara moja. Ile iliyounganishwa na shaba pana ya ubao hulimeza joto na kukaa kimya, na fundi asiye na subira huongeza moto au huanza kutikisa. Akitikisa, pete nyembamba ya shaba inayozunguka tundu huchomoka pamoja na mguu, na ubao umekwisha. Yeye alikaa na ncha yake pale, mkono ukiwa umeegemea kitabu kilichofungwa kwa utepe, bila kuongeza nguvu. Kijana alianza kuuliza kama imekwama. Hakujibiwa. Risasi ikang'aa ghafla, ikanyonywa, na tundu likabaki safi kiasi cha kuona mwanga upande wa pili.

Mguu wa kumi na moja ulikataa mara tatu. Kila mara aliongeza risasi mpya, akaanza upya, uso wake haukubadilika. Mwishowe alikishika kipande kwa vidole viwili na kukiinua, nacho kikatoka kwa uzito wake tu.

Alisugua ubao kwa mswaki na spiriti. Kipande kipya, kilicholetwa kutoka Kampala, alikipima kwanza kwa multimita: 5,000 kila upande kikiwa kimetulia, au karibu. Cha kwanza alichokichukua kilisoma 4,300 akakirudisha kwenye mfuko. Cha pili kilimridhisha. Alikikalisha, akalehemu mguu mmoja wa pembeni, akautazama ubao kwa ubavu, akayeyusha tena kukisawazisha, kisha akalehemu mguu wa pembe ya pili. Kikikaa kimeinama hata kwa unene wa karatasi, jostiki husugua ganda na katikati yake huhama. Baada ya hapo miguu mingine kumi na miwili ilikwenda haraka, kila tone likitoka dogo, lenye kung'aa, limepanda mguu bila kufurika.

Kwenye kompyuta namba zilisoma 131. Wengi wangeridhika. Yeye alifungua programu ya bure ya kusawazisha, iliyotengenezwa na wapenzi wa kazi hii, akaiongoza jostiki kwenye pembe zote nne, akaiachia, akarudia. Ikasoma 128. Akaisukuma kushoto kwa nguvu, akaiachia: 128. Alibadilisha pia kipira cha R2, ambacho hakikuwa kwenye malalamiko, na hakukitoza.

Kijana alipoondoka, mezani palibaki PlayStation 3 ya zamani, ile nene. Inawaka kijani, inameta njano, kisha inazima ikipepesa nyekundu. Mwenye mashine alikwisha kuambiwa kwamba huenda chipu ya picha imekufa na kwamba hapo hakuna dawa. Fundi alipima kwanza, akaona kuna tumaini kwenye vikapasita vipana vilivyo chini ya chipu, ambavyo huchoka kwa joto na miaka. Mafundi wa dunia nzima huvibadilisha kwa vidogo vya tantali, vya mikrofaradi 470. Alivitoa kwenye karatasi kimoja kimoja, vya manjano.

Tantali hutoka kwenye koltani. Ukiifuata barabara inayopita mbele ya kibanda hiki, ukapita Sake na kupanda Masisi, unafika Rubaya, mojawapo ya machimbo makubwa ya koltani duniani, ambako watu huchimba kwa sururu na koleo. Mwaka 2000 bei ya madini hayo ilipopaa, PlayStation 2 ilitajwa miongoni mwa sababu. Fundi anayajua hayo vizuri. Ana ndugu waliowahi kufanya kazi huko juu. Alivilehemu vile vikapasita kwa uangalifu uleule, akihakikisha mstari unaoonyesha upande chanya uko mahali pake, kwa sababu tantali ikigeuzwa huweza kuwaka moto.

Mashine iliwaka kijani ikabaki kijani. Hakuifunga. Alitia diski ya GTA V, ambayo mwaka 2013 iliingizwa kwenye mashine hii ya 2006 yenye megabaiti 256 za kumbukumbu ya kawaida na nyingine 256 za picha. Kwangu hiyo ni mojawapo ya kazi kubwa za uhandisi katika gemu: mji mzima, milima, bahari na watu wakiwa njiani, ndani ya nafasi ambayo simu ya leo ingeidharau. Fundi huitumia kwa sababu inaitoa mashine jasho. Alipaa na helikopta juu ya jiji, akaiacha ielee hapo, akaegemeza kiganja karibu na tundu la kutolea joto.

Mwenye mashine akafika, akaona picha, akanyoosha mkono kuichukua.

"Bado, papa," fundi akamwambia. "Itembee masaa mbili. Rudia kesho asubui."

"Lakini si inacheza?"

"Inacheza. Ninataka nione kama itazima."