Ukakasi si Ubovu: Divai za Ufaransa Mezani Musinzira

Katika uhakiki tumezoea kuigawa kazi, fani huku, maudhui kule. Mbele ya chupa tatu za Ufaransa, mishikaki ya mbuzi na ndagala wa kukaanga, mgawanyo huo ulikwama mapema. Chupa ya Bordeaux ilishinda kabla haijafunguliwa. Lebo ilikuwa na picha ya ngome, bei yake ilijulikana, na kila aliyeinusa alisema "nzuri" kwa sauti ya kanisani.

Hukumu ya namna hiyo mimi siiti uhakiki. Mwaka 2001, huko huko Bordeaux, mtafiti Frédéric Brochet alieleza jinsi alivyowapa wanafunzi 54 wa taaluma ya divai kinywaji cheupe kilichotiwa rangi nyekundu. Wakakieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Ikiwa macho yanawaongoza hata wao, sisi wa Gitega tusione haya kuzifunga chupa kwa gazeti. Tulizifunga, tukazichanganya, tukamimina upya. Iliyokwisha kwanza ilikuwa Beaujolais, ya bei ya chini kuliko zote.

Jambo lililonikera zaidi ni lugha. Glasi zilipojaa tu, wenzangu walihamia Kifaransa, kana kwamba Kiswahili hakina ulimi. Kinao. Ukakasi, ule unaokausha fizi ukitafuna ndizi mbichi, ndiyo kazi hasa ya tanini za zabibu ya Cabernet Sauvignon. Aliyeuita "ubovu" aliihukumu divai kwa sifa yake. Ugwadu, tuujuao kwenye ukwaju, umo katika Muscadet. Uchachu tumeuzoea kwenye urwarwa, pombe yetu ya ndizi, nao huwa sifa au kasoro kutegemea siku ilizokaa. Bali anayesema divai ni "kali" akanyamaza, hajasema kitu. Ni ukali wa kileo, wa asidi, au wa pilipili aliyomeza sasa hivi? Pilipili ya mishikaki ndiyo iliyoukuza ukakasi wa Bordeaux hadi ukawa adhabu. Ndagala nao waliipa ladha ya chuma. Kwa Muscadet, inayotoka karibu na Nantes ambako samaki ni chakula cha kila siku, ndagala hao hao walitulia.

Mtu ataniuliza, kwa nini kuhakiki divai kwa lugha ambayo hapa Burundi wengi huihusisha na Waislamu, watu wasiokunywa? Jibu lilikuwa limeketi pale pale mezani. Mwenzetu mmoja hanywi kabisa. Alinusa glasi ya jirani yake akasema inanukia mbao za seremala. Alipata. Bordeaux nyingi hulazwa katika mapipa ya mwaloni. Sisi wengine tulikuwa tunatafuta maua tuliyoyasoma nyuma ya chupa. (Yapo matunda kwenye lebo hizo ambayo hayajawahi kuuzwa sokoni kwetu.)

Desturi moja haikuhitaji kutafsiriwa. Mwenye meza alionja kwanza, kama anayetoa urwarwa. Tofauti ni kwamba Mfaransa hukagua kama kizibo kimeiharibu divai, na kwetu mtu humwonyesha mgeni kwamba hamna sumu.

Mimi ningenunua tena Muscadet, ndagala wakiwepo. Beaujolais ni ya maongezi, usiipe zaidi ya hapo. Bordeaux ile ingengoja nyama isiyo na pilipili, na miaka mingine mitatu minne kabatini.