Uhuru Wenye Mizani: Uhakiki wa Santuri ya Eric Dolphy

Diwani ya E. Kezilahabi, Kichomi, ilipotoka mwaka 1974, ilizidisha ubishi kuhusu ushairi usiofuata vina na mizani. Wengi waliobishana walichukulia kwamba mtunzi aachaye kanuni zilizozoeleka huwa hana kanuni yoyote. Dhana hiyo inakanushwa na kazi moja ya muziki wa jazi huru, ambayo yafaa isikilizwe na wahakiki wetu wa ushairi.

Santuri hiyo, Out to Lunch!, ilirekodiwa New Jersey, Marekani, tarehe 25 Februari 1964. Dolphy, kiongozi wa kundi na mtunzi wa nyimbo zote tano, anapiga humo saksafoni, filimbi na klarineti ya besi. Jina la santuri lina maana mbili: mtu aliyetoka kwenda kula chakula cha mchana, na, katika lugha ya mitaani ya Wamarekani, mtu aliyepungukiwa na akili. Ni kana kwamba mtunzi aliwatangulia washutumu wake.

Tuuchunguze wimbo wa kwanza, "Hat and Beard", uliotungwa kwa heshima ya mpiga piano Thelonious Monk. Besi ya Richard Davis inarudiarudia kifungu cha mapigo tisa, huku klarineti ikiruka kutoka sauti nzito kabisa hadi ukelele. Piano haimo, Bobby Hutcherson anagonga vaibrafoni, yaani marimba ya vyuma, kwa uchache, akiacha nafasi tupu. Tony Williams, mpiga ngoma wa miaka 18 wakati huo, mara nyingi hayatamki mapigo waziwazi, bali huyazunguka. Hata hivyo hapotei mtu, kwani kila mmoja anahesabu moyoni. Mizani haikutupwa, imefichwa.

Kasoro haikosekani. "Straight Up and Down", unaoiga mwendo wa mlevi, unarefushwa hata baada ya mzaha wake kueleweka.

Dolphy alifariki Berlin tarehe 29 Juni 1964, kabla santuri haijatolewa. Hakuwahi kuitetea, wala haikuhitaji utetezi.

Basi mhakiki wa shairi huru asitosheke kuuliza kama vina vimo. Aulize ni kitu gani kinachoizuia mistari isisambaratike. Akitafuta kwa uaminifu asikione, hapo ndipo ana haki ya kulikataa shairi.