Bildi Bila Usukani

Mwezi wa Februari mwaka 2001, watu 17 waliobobea katika uundaji wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika milima ya Utah huko Marekani, na walipoagana walikuwa wameafikiana tamko fupi lililoitukuza programu inayofanya kazi kuliko makabrasha mengi ya maelezo, na kuitikia mabadiliko kuliko kuung'ang'ania mpango. Hapo ndipo jina la Agile lilipopata maana yake ya leo; ama Scrum, njia iliyo mashuhuri kupita zote zilizo chini ya jina hilo, Ken Schwaber na Jeff Sutherland walikuwa wamekwisha kuieleza hadharani tangu mwaka 1995. Kanuni zake ni chache, na mwenye bidii huzisoma zote asubuhi moja. Hata hivyo, aghalabu timu huzishika moja baada ya moja, na kazi ikabaki na taksiri zilezile za kale. Sababu yake, kwa rai yangu, haimo katika kanuni bali katika mamlaka, na ithibati iliyo wazi ni kisa cha mfumo wa Sentinel.

Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliutupa mwaka 2005 mfumo wake wa majalada ya kesi, baada ya kuteketeza kiasi cha dola milioni 170. Mwaka uliofuata likaanza mfumo mwingine, ndio Sentinel, likaikabidhi kampuni ya Lockheed Martin kwa mkataba wa hatua nne zilizopangwa mapema. Kufikia Agosti 2010 zilikuwa zimetumika dola milioni 405 kati ya 451 zilizoidhinishwa, na hatua zilizokabidhiwa ni mbili tu. Na mpelelezi aliyejaza fomu katika kompyuta ilimlazimu bado kuipiga chapa, aipeleke karatasi kwa mkubwa wake itiwe sahihi kwa kalamu.

Ndipo shirika lilipoitwaa kazi mikononi mwake. Wafanyakazi wa mkandarasi walipunguzwa kutoka kiasi cha 220 hadi 40. Kwa kufuata njia ya Agile, mahitaji yakavunjwa kuwa visa vidogo vidogo, kila kimoja kikieleza jambo ambalo mtumiaji ataka kulitenda. Na kazi ikakatwa katika sprinti za majuma mawili mawili, ambazo mwisho wake si taarifa ya maandishi, bali ni programu yenyewe kuendeshwa mbele ya wahusika. Wala haikuwa safari ya maji matulivu: tarehe ya kwanza ya kumaliza, Septemba 2011, ilipita, na jaribio la mwezi uliofuata likadhihirisha kwamba mitambo ya zamani haistahimili wingi wa watumiaji. Lakini kasoro hiyo ilionekana mapema, ikaonwa na watu wenye uwezo wa kuahirisha tarehe na kununua mitambo mingine. Na Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika, bila kuvuka, kwa hesabu ya shirika lenyewe, zile milioni 451.

Manahodha wa kale walipokaribia maji wasiyoyajua walitupa bildi, ile risasi iliyofungwa kambani, wapate kujua kina. Sprinti ni bildi ya namna hiyo. Lakini bildi haikiokoi chombo kama anayeitupa amekatazwa kuugusa usukani, na hii ndiyo hali ya timu nyingi: tarehe imekwisha kutangazwa, orodha ya mahitaji imekwisha kufungwa ndani ya mkataba, na yule aitwaye mwenye bidhaa, msimamizi wa orodha hiyo, hana idhini ya kufuta hata kisa kimoja.

Nimesimama katika vikao vingi vya asubuhi vya robo saa, vilivyowekwa ili wenzi wapangiane kazi ya siku, na nikaona kila msemaji akimwelekea mkubwa. Nakumbuka kijana mmoja aliyekwama siku tatu akingoja ruhusa ya kuingia katika kanzidata, ambaye zamu yake ilipofika alisema, "Naendelea vizuri," kwa kuwa aliyesimama mbele yake ndiye mwandishi wa ripoti yake ya mwaka. Kikao kilianza kwa wakati na kwisha kwa wakati, na habari moja iliyostahili kusemwa haikusemwa. Vivyo hivyo alama za kukadiria uzito wa kazi: zikigeuzwa kipimo cha juhudi ya mtu, makadirio hupanda kila mwezi, na kazi haipandi.

Basi mkuu atakaye kuileta Scrum katika idara yake, kabla hajawaita walimu wa kuwafunza watu, na aandike mambo matatu: nani awezaye kulifuta hitaji bila kuomba ruhusa, nani awezaye kuisogeza tarehe, na mtu atafanywa nini akisema mbele ya wote kwamba amekwama. Akikosa la kuandika, asiwasumbue watu kwa vikao vya kusimama.