Kizingiti cha Usingizi: Ulimwengu wa Ndoto kama Mandhari katika Akili and Me na katika Masimulizi ya Watoto wa Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ndoto kama mandhari katika Akili and Me, mfululizo wa katuni za televisheni uliotayarishwa Tanzania na shirika la Ubongo, pamoja na masimulizi ambayo watoto huyabuni kutokana nao. Hoja kuu ni kwamba ulimwengu wa ndoto hautambulishwi na maajabu yaliyomo ndani yake, bali na kizingiti chake: nani anaruhusiwa kuingia, na kitu gani kinaruhusiwa kutoka. Mfululizo huo unalinganishwa na desturi ya utambaji wa ngano za Wahaya. Makala yanaonesha kwamba katuni imeifanya ndoto kuwa siri ya mtoto mmoja, ilhali watoto wanaoisimulia upya huirudisha katika umiliki wa wengi.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeishughulikia ndoto kwa muda mrefu, lakini hasa ndoto ya watu wazima. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimehakikiwa na wengi kwa sababu humo msomaji hapewi mahali pa kusimama na kusema kuwa hapa ndoto imekwisha na hapa macho yamefumbuka. Katuni anayoitazama mtoto wa miaka minne haijapewa hata robo ya uzito huo. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa Tanzania leo, ulimwengu wa kubuni wa kwanza wanaoufahamu kwa Kiswahili hauko kitabuni. Uko kwenye runinga ya sebuleni au kwenye simu ya mzazi.

Ubongo ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Ilianza na Ubongo Kids mwaka 2014, kisha miaka miwili baadaye ikaleta Akili and Me kwa ajili ya watoto wadogo zaidi. Mhusika mkuu, Akili, ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila usiku anapolala huingia katika nchi iitwayo Lala Land, ambako hukutana na marafiki zake wanyama na kujifunza herufi, namba, maneno na namna ya kuzitambua hisia zake.

Huenda ikadaiwa kwamba kipindi cha elimu hupimwa kwa mafunzo yake, si kwa usanii wake. Kipimo hicho kimeshatumika: utafiti uliofanyika Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulichunguza athari za katuni hizi katika ujifunzaji wa watoto wa shule za awali. Swali la makala haya ni tofauti. Watayarishi wangeweza kulijenga somo lao darasani, sokoni au uani. Walichagua usingizi. Huo ni uamuzi wa kisanaa, na uamuzi wa kisanaa una haki ya kuhakikiwa.

2.0 Aina za Kizingiti

Msomaji wa Kiswahili alikwishaikuta safari ya namna hii zamani. Mwaka 1940 hadithi ya Lewis Carroll ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 ikatafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Kinachosahaulika mara nyingi ni mwisho wake. Baada ya kuamka, msichana yule anamsimulia dada yake ndoto nzima, na dada anapobaki peke yake anaanza naye kuiona ile nchi. Ndoto inatoka kwa mwotaji na kuingia kwa msikilizaji. Kizingiti hapa kiko wazi upande wa kutokea.

Katika katuni ya Marekani ya My Little Pony: Friendship Is Magic (2010–2019), kizingiti kina mlinzi. Mhusika aitwaye Luna ana mamlaka ya kuingia katika ndoto za wengine ili kuwasaidia kuzikabili hofu zao. Anayelala hamwaliki mgeni huyo. Huja kwa cheo chake. Hapa kizingiti kiko wazi upande wa kuingilia, lakini kwa mwenye madaraka tu.

Akili yuko mbali na wote wawili. Lala Land ni siri yake. Familia yake haiingii huko, na anachorudi nacho asubuhi ni ujuzi. Kwa mtazamo wa malezi, mpango huu una hekima: mtoto anapewa mahali pa kukosea bila kuchekwa. Kwa mtazamo wa msuko, una gharama. Usiku haudaiwi chochote na mchana, wala mchana hauna la kuuliza kuhusu usiku.

3.0 Kuona kwa Niaba ya Wengine

Gharama hiyo huonekana zaidi katuni inapotazamwa Bukoba au Muleba. Peter Seitel, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu ngano za Wahaya, ameonesha kwamba utambaji hufunguliwa kwa majibizano: mtambaji hutangaza kuwa alikuwapo akaona, na hadhira humtaka aone ili nayo ipate kuona. Majibizano hayo ni mafupi, lakini yamebeba nadharia nzima ya mandhari. Ulimwengu wa ngano haupo mpaka wasikilizaji waukubali. Mtambaji hulikopesha kundi macho yake, na kundi humpa idhini ya kuyatumia.

Tofauti kati ya ngano na Lala Land, kwa hiyo, si tofauti ya maajabu. Wanyama husema kotekote, na umbali huvukwa kwa hatua moja kotekote. Tofauti iko mlangoni. Katika ngano, watu huvuka wakiwa macho na wakiwa pamoja. Katika katuni, mtu mmoja huvuka akiwa amelala na akiwa peke yake. Mtazamaji anapata kuona, ila hajaombwa idhini yoyote, na kimya chake hakibadilishi kitu.

4.0 Bunilizi za Mashabiki

Kimya hicho huvunjika runinga inapozimwa. Jioni moja wilayani Muleba, nyumbani kwa jamaa zangu, nilimsikia mtoto wa miaka sita hivi akiwasimulia wenzake safari ya Akili ambayo haikuwahi kutangazwa na kituo chochote. Katika safari hiyo Lala Land ilikuwa na ziwa, na ng'ambo ya ziwa alikuwapo bibi, ambaye alimsalimu Akili kwa Kihaya. Akili alipoamka, miguu yake ilikuwa imelowa, na mama akamuuliza alikuwa wapi.

Mfano mmoja hauthibitishi kanuni, lakini unatosha kuonesha njia. Msimulizi huyu mdogo alifanya mambo matatu. Kwanza, alihamisha mandhari: mlima ambao hajawahi kuuona ukaliachia nafasi ziwa analoliona kila siku, ziwa ambalo katika masimulizi ya Wahaya ni milki ya Mugasha. Pili, alimwingiza mtu mzima wa ukoo katika nchi isiyokuwa na watu wazima wa ukoo. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, alikitoboa kizingiti. Miguu iliyolowa ni ushahidi, na swali la mama ni mwanzo wa kesi. Siri imefichuka, na usiku sasa unadaiwa maelezo na mchana.

Kazi ya aina hii, yaani kuwachukua wahusika wa mtu mwingine na kuwaendeleza, siku hizi huitwa bunilizi za mashabiki na hudhaniwa kuwa zao la intaneti. Kwa fasihi yetu si ngeni. Mshairi anayetunga takhmisi huchukua beti za mtangulizi na kuziongezea mishororo yake. Takhmisi ya Liyongo ni mfano maarufu. Mpiga enanga wa Buhaya hakuwahi kudai kwamba shujaa anayemwimba ni mali yake peke yake. Mtoto wa Muleba hakuiga ushabiki wa ughaibuni. Alirithi desturi ya nyumbani na kuitumia kwa mhusika mpya.

5.0 Lugha ya Ndoto

Limebaki suala la lugha. Jina Lala Land ni mchezo wa maneno: kitenzi cha Kiswahili kimeunganishwa na neno la Kiingereza lenye maana ya nchi, na kwa sikio la Kiingereza jina zima linagusa msemo wa kumdhihaki mtu aliyezama katika njozi. Mtoto wa Kagera husikia nusu ya kwanza tu, na nusu hiyo humwamuru alale.

Mfululizo huu umeingizwa katika lugha nyingine za Afrika, zikiwamo Kinyarwanda na Kihausa. Basi ni rahisi zaidi kumsikia Akili akisema Kinyarwanda ng'ambo ya Mto Kagera kuliko kumsikia akisema Kihaya upande huu. Sisemi hivi kwa kukibeza Kiswahili, lugha ambayo nimeifundisha na kuitafiti kwa miaka mingi. Ninasema kwamba katika ndoto rasmi ya taifa, lugha ya bibi imeachwa nje ya mlango. Aliyeifungulia ni mtoto wa miaka sita, tena ndani ya sentensi za Kiswahili fasaha. Hakuona ugomvi kati ya lugha hizo mbili, na huenda ugomvi huo ni wetu sisi wakubwa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba Akili and Me imejenga ulimwengu wa ndoto ulio salama na wenye mafunzo, ila wenye kizingiti kilichofungwa pande zote mbili. Watoto wanaousimulia upya hukifungua kwa nyenzo walizozirithi kutoka katika fasihi simulizi. Masimulizi hayo hayaandikwi wala hayahifadhiwi, na hupotea mtoto akuapo. Tulikwishachelewa kwa watambaji wengi waliozikwa na ngano zao kabla hatujafika na vinasa sauti. Wahakiki na watafiti wa Kiswahili wanaweza kuwahi safari hii, kwa kuketi sebuleni, kuzima runinga na kumwacha mtoto aone ili nasi tuone.