Meza ya Wawili, Tafadhali

Sentensi ndefu ya kwanza niliyoimudu kutoka kwa video za kujifunza Kihispania ni “una mesa para dos, por favor”. Meza ya watu wawili, tafadhali. Naitamka poa kabisa. Irabu zao ni tano kama zetu, na hiyo “mesa” ni meza yetu, neno tuliloachiwa na Wareno, majirani zao. Lakini hebu jiulize: mara ya mwisho kuomba meza ya wawili ilikuwa lini, kwa lugha yoyote? Kwenye kibanda cha mtaani unakaa palipo na nafasi, unamsalimu uliyemkuta, anasogeza sahani yake, mnakula.

Hizi video zinafundisha, sibishani na hilo. Nimezicheki kwa bando la usiku tangu nitoke chuo bila cheti, na leo naelewa mazungumzo ambayo mwaka juzi yalikuwa kelele tu. Ninachouliza ni huyo “mimi” anayezungumza ndani ya sentensi zao ni nani. Ukirudia maneno ya mtu mara mia, unaanza kumvaa na yeye mwenyewe.

Za safari ndizo mbaya zaidi, na ndizo nyingi zaidi. Droni inapaa juu ya Cartagena au Barcelona, gitaa linalia, mtangazaji anasema mji ni mzuri, chakula ni kitamu, watu ni wakarimu. Mji wa pili, sifa zilezile. Zima sauti, hukosi kitu. Funga macho, hukosi kitu pia. “Mimi” wa hapo ana pasipoti inayofungua milango, na shida yake kubwa ni kwamba hoteli haina kifungua kinywa. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza kuingia Uhispania, na Mexico vilevile, na bado sijaona hata video moja inayofundisha jinsi ya kumjibu karani wa ubalozi anayetaka kujua utarudi lini nyumbani na utathibitishaje.

Na si ati safari haiwezi kufundisha. “Destinos”, mfululizo wa televisheni wa Marekani wa 1992, ni safari tupu kwa vipindi 52. Wakili anayeitwa Raquel anatoka Los Angeles kumtafuta mwanamke aliyepotea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania, na anazunguka Uhispania, Argentina, Puerto Rico na Mexico. Nguo zimepitwa na wakati, picha zina ukungu, na hadithi ni telenovela ya kawaida, zile ambazo runinga zetu zilituletea zikiwa zimetiwa sauti za Kiingereza. Lakini Raquel yuko kazini. Anauliza jirani, anauliza karani, anakosa jibu, anauliza tena kwa maneno mengine. Kila kipindi anajikumbusha kwa sauti amejua nini na bado hajui nini. Wewe unayetazama unahitaji maneno kwa sababu yeye anayahitaji.

Wasee wengi siku hizi watakuelekeza Dreaming Spanish, iliyoanzishwa na Mhispania Pablo Román. Imani yao inafuata wazo la mwanaisimu Stephen Krashen: lugha huingia kwa kusikia mambo unayoyaelewa, sarufi itajipanga yenyewe. Wanapendekeza saa 1,500 za kusikiliza. Hesabu mwenyewe, saa moja kila siku, ni zaidi ya miaka minne. Mimi naipenda kwa sababu moja ambayo sijui kama wao waliifikiria. Mwalimu anachora, anaigiza, anarudia, na haguzi Kiingereza kabisa. Walimu wengine wote wanadhani natoka Kiingereza. Wananionya kwamba nomino zina jinsia na itanisumbua sana. Mtu aliyekua na ngeli za Kiswahili aogope makundi mawili?

Muziki nao una mambo yake. Ukijifunza kwa nyimbo pekee utaishia kuimba usichokijua, kama tulivyoimba Kilingala utotoni kwa ujasiri mkubwa. Wapuerto Rico humeza “s” mwishoni mwa silabi, kwa hiyo sikio la mwanafunzi linapotea haraka. Ndiyo maana alichofanya Bad Bunny na albamu yake ya Januari 2025, “Debí Tirar Más Fotos”, kilinishtua. Video alizoziweka YouTube kwa nyimbo zote 17 zina maandishi kuhusu historia ya Puerto Rico, yaliyotayarishwa na mwanahistoria Jorell Meléndez-Badillo. Hapo unasoma Kihispania cha kitabu huku Kihispania cha mtaa kikipiga masikioni. Nilisimamisha, nikasoma, nikatafuta neno, nikaendelea. Wimbo wa dakika tatu ulinichukua nusu saa. Hakuna aliyekusudia kunifundisha, na hakuna aliyenichukulia kama mtalii. Nilisomeshwa kama mtu anayeweza kujali nchi ambayo Marekani imeishikilia tangu 1898. (Halafu vile viti viwili vya plastiki kwenye jalada! Weka turubai juu yake na ni matanga yoyote unayoyajua.)

Ila darasa langu halisi liko kwenye video za kazi za mikono, zile ambazo huwa hazina watazamaji wengi. Chukua za Teotitlán del Valle, mji wa wafumaji wa mazulia huko Oaxaca, Mexico. Mama anachukua kochinila, wadudu wadogo waliokaushwa, wanaoishi juu ya dungusi. Anawasaga kwenye jiwe. “Muelo”, anasema: nasaga. Unga mwekundu anauweka kiganjani, anakamulia ndimu, rangi inakuwa kama moto. Anaongeza soda, ndugu ya magadi yetu, na kiganja kinageuka zambarau. “Se pone morado”. Kitenzi ambacho kitabu cha sarufi hukizungusha ukurasa mzima, kiganja kimekimaliza kwa sekunde tatu. Picha na neno vimefungwa pamoja, ukikosa kimoja cha pili kinakusubiri. Na “mimi” wa sentensi hii anasaga, anakamua, anachovya, anafuma. Huyo naweza kumvaa. Mama yangu angemwelewa bila maandishi ya chini.

Kuna jambo jingine pale. Kwa wengi wa Teotitlán lugha ya nyumbani ni Kizapoteki. Anayenifundisha Kihispania naye alikikuta kikiwa kimetangulia shuleni na ofisini, akakichukua akakifanyia kazi yake. Wakati mwingine anageuka kumwambia mtu wa nyumbani kitu kwa Kizapoteki, na maandishi ya chini yananyamaza, kana kwamba amekohoa. Watengenezaji wa video hizo wanapenda piano ya huzuni na maneno kama “mila inayokufa”, na kamera huhamia usoni pale hasa unapotaka kuona vidole. Bei ya zulia haitajwi karibu kamwe. Yaani umeonyeshwa wiki nzima za kazi, halafu unafichwa kama inalipa.

Na Afrika? Guinea ya Ikweta ilipata uhuru kutoka kwa Uhispania 1968, na Kihispania ni lugha rasmi huko hadi leo. Ina waandishi: María Nsué Angüe alitoa riwaya yake “Ekomo” mwaka 1985, na anayeisimulia ni mwanamke wa Kifang. Lakini kwenye video zote za wanaoanza nilizopitia, lafudhi za Madrid, Bogotá, Buenos Aires na Mexico City zimepangwa kama ladha za soda, na sijakutana na mwalimu hata mmoja kutoka Malabo. Mwafrika akitokea, yuko nyuma ya picha anapiga ngoma.

Mimi nataka video ya mama wa sokoni Malabo akipara samaki, akisema anachofanya, akibishana na mteja, na akitaja bei. Dakika kumi tu. Bando ninalo.