Kipima Nini? Uhakiki wa Majina ya Vyombo vya Kupimia Bahari

Njia iliyozoeleka ya kuunda majina ya vyombo vya kisayansi ni kuunganisha "kipima" na jina la kitu kinachopimwa. Kipimajoto na kipimamvua yamekubalika, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini njia hiyo ikitumiwa pasipo uchunguzi kwa vyombo vya bahari, huzaa majina yenye kasoro, na wanaodhurika zaidi ni wasomaji wakaao mbali na pwani.

Tuchukue Nachingwea na Ruangwa, wilaya za Mkoa wa Lindi zisizopakana na bahari. Huko "pimamaji" tayari ni mali ya mwashi: ni kifaa chenye kipovu cha hewa, kionyeshacho kama tofali limelala sawa. Mfasiri akikiita "kipimamaji" chombo kiandikacho kujaa na kupwa kwa bahari, kama kilichoanza kazi Unguja mwaka 1984, mwanafunzi wa Ruangwa atafikiria ukuta. Yafaa kiitwe "kipimausawa cha bahari". Mwanafunzi huyo amekwisha kufundishwa kwamba mwinuko wa nchi huhesabiwa kuanzia usawa wa bahari. Jina hilo litamwonyesha kwamba chombo cha pwani kinahusu hata kilima cha kwao.

Kasoro ya "kipimachumvi" ni kubwa zaidi. Vyombo vieleavyo vya mpango wa kimataifa wa Argo, vipatavyo 4,000, huzama hadi mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi ili kutuma taarifa. Usahihi wa kipimo chake cha joto hufikia nyuzi 0.002 za Selsiasi. Hata hivyo, havipimi chumvi yenyewe. Hupima jinsi maji yapitishavyo umeme, pamoja na joto na kanieneo. Chumvi na kina hukokotolewa kutokana na vipimo hivyo. Viumbe vya baharini vikiganda penye kipimio cha umeme, chumvi huonekana pungufu. Ofisa asomaye "kipimachumvi" katika ripoti hawezi kutambua kosa limeingilia wapi. Tunapendekeza "kipimaupitishaji-umeme". Ni refu, lakini halisemi uongo.

Kuhusu kina, hapana haja ya kubuni. Mabaharia wa pwani wana "bildi", yaani risasi iliyofungwa kambani na kushushwa hadi chini ya bahari. Chombo kipelekacho sauti na kuhesabu muda wa kurudi kwake, sauti ikienda majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, na kiitwe "bildi ya mwangwi". Mwalimu wa Nachingwea ataieleza bildi kwa timazi ya mwashi, nayo ni uzito na uzi.

Basi kabla ya kuunda jina tujiulize: chombo hupima nini hasa? Je, jina hilo lina mwenyewe katika kazi nyingine? Je, pwani haina neno lake? Walimu na wafasiri wenye maneno bora zaidi wanaombwa kuyaleta yajadiliwe.