Mvumo, Sasa na Zamani: Albamu za Giza katika Sikio la Ukambani

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuanza na neno. Hata unapoushughulikia wimbo, aghalabu huuchukua kana kwamba ni shairi lililopitia mikononi mwa wapiga ala: maneno hunakiliwa, huchambuliwa kwa misingi ya fani na maudhui, kisha sauti yenyewe huachiwa idara nyingine. Utaratibu huo umefaa kwa taarab, na umefaa pia kwa benga ya Ukambani, kwani Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers walikuwa wasimulizi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Lakini unakwama mara tu mhakiki anapokutana na albamu zisizo na maneno kabisa, au zenye ukelele ambao hauwezi kunukuliwa. Albamu za namna hiyo zimetolewa na wasanii kadhaa wa Kenya tangu mwaka 2020. Wasikilizaji wa Ulaya wamezipa majina mawili, ambienti ya giza na muziki wa kiwanda, na majina hayo yameletwa nyumbani bila kuhojiwa.

Historia ya majina yenyewe ni fupi. Mwaka 1976 kundi la Throbbing Gristle lilianzisha nchini Uingereza lebo ya Industrial Records, likatumia kelele za mashine na mkwaruzo wa sauti kuizungumzia jamii ya viwanda iliyoanza kuchakaa. Mwaka 1978 Brian Eno aliita ambienti ule muziki unaoenea chumbani kama mwanga na usiomlazimisha msikilizaji kuufuata. Kufikia mwaka 1990, Lustmord alipotoa albamu ya Heresy, mikondo hiyo miwili ilikuwa imekwisha kukutana katika mivumo mirefu ya chini, isiyo na mahadhi, inayotisha bila kusema inatisha kwa nini. Ndiyo maana imekuwa rahisi kusema kwamba Mkenya anayeunda muziki wa namna hii anaiga huzuni ya watu wengine: analia kiwanda ambacho hakikuwahi kujengwa kwao. Kule Kitui, makaa ya mawe ya Bonde la Mui yamezungumzwa kwa miaka mingi zaidi kuliko yalivyochimbwa. Hoja ya uigaji basi ina mashiko kiasi. Makala haya yanadai kwamba haitoshi, na kwamba upungufu wake unaonekana wazi zaidi albamu hizi zinaposikilizwa kutoka upande wa Kitui na Makueni.

Sababu ya kuchagua upande huo ni ya kinadharia. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019, ndiye aliyeyapa maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, hadhi ya istilahi za falsafa. Katika African Religions and Philosophy (1969) alipanga njeo za vitenzi vya Kikamba katika jedwali, akaona kuwa zile za wakati ujao hazivuki miezi sita hivi, au miaka miwili kwa umbali wa mwisho. Kutokana na hayo alishikilia kwamba wakati kwa Mwafrika hauendi mbele bali hurudi nyuma: tukio huishi katika Sasa, kisha huzama katika Zamani, ambamo kila kitu huishia. Wapinzani walijitokeza. Kwame Gyekye (1987) alimjibu kwa ushahidi wa Waakan, na D. A. Masolo (1994) naye aliitilia shaka njia yake ya kujenga falsafa. Ukosoaji huo ni wa haki kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa ni vigumu kulipa bara zima wakati wa jedwali moja la njeo. Hata hivyo, nadharia inayoshindwa kuieleza Afrika yote inaweza bado kuieleza kazi moja ya sanaa, hasa kazi ambayo malighafi yake pekee ni muda.

Kabla ya kuzifikia albamu zenyewe, hapana budi kutaja kilumi. Hii ni ngoma ya Wakamba inayoongozwa aghalabu na wanawake wazee, ikipigwa kwa ngoma kubwa kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya aimu, yaani mizimu inayompanda mtu. Msikilizaji mgeni husikia marudio tu. Mwenye kuijua husikia mwendo: mapigo yanarudiwa kwa sababu kuna kitu kinachosubiriwa, na kinapofika, mwili wa mchezaji hukionyesha. Marudio ya kilumi yana mwisho, ingawa hakuna ajuaye saa yake. Wamisionari wa Africa Inland Mission, walioupinga uchezaji ngoma kwa ukali, angalau hawakuidhani kuwa burudani. Kutoka kwa kilumi mhakiki anapata kigezo chepesi ambacho hakikopwi popote: sauti hii inayorudiwa inasubiri nini?

Peel (2020), albamu ya KMRU iliyotolewa na lebo ya Editions Mego, haifaulu kikamilifu kwa kigezo hicho. KMRU, ambaye jina lake ni Joseph Kamaru, ni mjukuu wa Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Tofauti yao ni kubwa mno hata inafundisha: babu aliishi kwa fumbo na methali, mjukuu ameondoa neno. Katika Peel sauti zilizorekodiwa nje zinafunikwa na mivumo ya sintesaiza, tabaka juu ya tabaka, mpaka msikilizaji ashindwe kusema kipi kilitoka barabarani na kipi kilitoka kwenye mashine. Ni kazi nzuri. Ila uzuri wake ni wa kuzama: kila sauti inaingia Zamani kwa upole, na hakuna inayokataa kuingia. Msikilizaji anaachwa ametulia, na pengine ametulia kupita kiasi. Hapa nadharia ya Mbiti inaikaa kazi kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo, na ukaaji huo mzuri ndio unaopasa kumtia mhakiki wasiwasi.

Albamu ya Duma (2020), kazi ya Martin Kanja na Sam Karugu iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inakwenda kinyume. Msomaji wa Kiswahili aonapo jina hilo humwona kwanza mnyama mwenye mbio, ilhali katika Kikuyu linakusudiwa giza. Bahati hiyo ya lugha mbili inaieleza kazi kuliko maelezo mengi, kwa kuwa giza la Duma ni giza linalokimbia. Mapigo ya mashine yanakuja kwa kasi isiyompa msikilizaji nafasi ya kukumbuka pigo lililotangulia, na sauti ya Kanja inapasuka juu yake. Hakuna Zamani hapa, kila kitu ni Sasa. Wanaoiita albamu hii kelele wamekosea kwa kuishia hapo, maana ukelele wenye nidhamu ya namna hii hauko mbali na mwili wa mchezaji wa kilumi katika dakika ya kupandwa. Tofauti ni kwamba Duma imeanza na mpando na kuuacha usubirio. Kanja alipotoa The Adept (2024) kwa jina la Lord Spikeheart, akiihusisha na nasaba yake na Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, alikuwa kama anayetafuta Zamani ile ambayo Duma haikuwa nayo.

Kazi inayostahili kusikilizwa mara nyingi zaidi ni Natur (2024) ya KMRU, iliyotolewa na lebo ya Touch: kipande kimoja kinachozidi dakika hamsini. Chimbuko lake ni tofauti aliyoigundua msanii alipohamia Berlin. Nairobi umeme una nyaya zinazoonekana, transfoma zinazovuma na giza la kukatika, lakini kule mtambo umefichwa na kunyamazishwa. Kwa maikrofoni zinazonasa mawimbi ya sumaku-umeme, KMRU ameufanya usikike tena. Sauti inaanza kama kitu kilicho hai. Inakoroma, inapumua, inajivuta, na ni baada ya muda mrefu tu ndipo sikio linapokubali kwamba ni waya. Hata hivyo bado haliwezi kuusahau ule uhai.

Mwenyeji wa Makueni amekwisha kuusikia mfano wa jambo hili, ingawa kwa maneno. Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba nabii Syokimau aliona nyoka mrefu akitoka pwani, akitema moto na moshi. Reli ilipoivuka nchi hiyo kuelekea Nairobi, iliyoifikia mwaka 1899, nyoka akapata jina, na treni ya reli mpya, inayosimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali tangu mwaka 2017, imempa ngozi ya pili. Jambo la kuzingatiwa kifasihi ni tashbihi yenyewe. Mashine inasemwa kama mnyama kwa sababu neno lake halijazaliwa. Natur inalitenda jambo hilohilo: inamwekea msikilizaji mtambo mbele yake kabla hajaruhusiwa kuutaja. Na hapa jedwali la Mbiti linapasuka, kwa kuwa nyoka wa Syokimau yuko mbali kuliko miaka miwili. Mpinzani anaweza kujibu kwamba unabii huo husimuliwa na watu waliokwisha kuiona reli, kwa hiyo ni Zamani iliyovishwa mavazi ya kesho. Jibu hilo ni zito. Hata hivyo, jamii inayoona haja ya kukipa kilichokwisha kutokea umbo la kitu kinachokuja ina hisi ya wakati ujao ambayo njeo za vitenzi hazikuiandikisha. Hisi hiyo ndiyo Natur inayoigusa, na Peel haiigusi.

Linabaki suala la Temporary Stored (2022), ambalo ni zito kuliko umbo la albamu. Ndani yake KMRU ametumia rekodi zilizohifadhiwa katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji, zilizokusanywa katika mazingira ya ukoloni. Mbiti alieleza kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu yupo hai mtu anayemkumbuka kwa jina, na kwamba akishakosa wa kumtaja huingia Zamani pamoja na mizimu isiyo na majina. Rekodi ya makumbusho inaivuruga mipaka hiyo vibaya: sauti inasikika leo ilhali mwenyewe hatajwi. KMRU hamrudishii jina, wala hangeweza. Anachofanya ni kuiruhusu sauti ichomoze ndani ya mvumo na kuzama tena, na kichwa cha albamu, kinachosema kuwa kitu kimewekwa kwa muda, kinawakumbusha walinzi wa hifadhi kwamba waliazima.

Hoja hii inaigusa Ukambani moja kwa moja. Tayari kuna mwelekeo wa kukiita kilumi ambienti ya Kiafrika, sifa inayokusudiwa kukiinua. Inakiondolea kile kinachosubiriwa na kukibakizia marudio matupu, yaani sehemu ileile ambayo mgeni aliisikia tangu awali. Msanii kijana wa Wote au Mwingi anayetaka kukiingiza kilumi katika mashine zake hakatazwi na makala haya. Lakini rekodi atakayoitumia itakuwa na wanawake ndani yake, waliopiga kwa ajili ya mvua mahali fulani na msimu fulani. Wengi wa wanaowajua kwa majina ni wazee wa Mutomo, Kibwezi na Mbooni, na bado wanaweza kuulizwa.